Mama Itakuwaje Anakabidhi Filimbi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, mratibu wa mbio na matembezi ya hisani wa hospitali yetu ya watoto anastaafu. Jina lake la kwenye kitambulisho wanalijua watu wa utumishi. Sisi wengine, kuanzia walinzi wa getini hadi madaktari bingwa, tunamwita Mama Itakuwaje, na yeye huitika bila kununa.

Jina hilo alilipata kikaoni. Wakati huo alikuwa karani wa mapokezi, na mbio za kuchangia wodi ya moyo zilikuwa za watu wazima tu. Mkurugenzi alipopendekeza kwamba watoto nao watembee na waendeshe baiskeli, wote walipiga makofi isipokuwa karani aliyeitwa kuandika kumbukumbu. Aliweka kalamu chini akaanza kuuliza. Itakuwaje kamba ya kiatu ikifunguka katikati ya kundi? Itakuwaje mbwa akitoka uani? Watu walicheka. Kisha akauliza itakuwaje mzazi akidhani mtoto yuko na mwalimu, na mwalimu akidhani mtoto yuko na mzazi. Hapo kicheko kilikatika. Mkurugenzi akasema kwamba kwa kuwa ameyaona yote hayo peke yake, kazi ni yake. Aliyeulizia njia ndiye aliyetangulizwa.

Msimamo wake wa kwanza ulimgombanisha na watu wa matangazo. Wao walitaka watoto waliolazwa wapandishwe jukwaani, wageni wawaone na wafungue mioyo. Alikataa katakata. Alisema mtoto si bango, na anayetaka kumwona mgonjwa aje saa ya kutazama wagonjwa, tena anawe mikono. Badala yake aliwaalika watoto wa shule za jirani na ndugu za wagonjwa wetu, wenye miguu yao na baiskeli zao, ili wafanye jambo kwa ajili ya wenzao.

Nimekuwa msaidizi wake kwa miaka sita na sijawahi kumwona akila asubuhi ya siku ya tukio. Hunywa chai ya rangi akiwa amesimama, filimbi shingoni, anazunguka kila baiskeli akibana breki kwa mkono wake. Fundi wetu wa matengenezo alikuwa akimtania kwamba breki zimeshakaguliwa hadi zimechoka kabla ya safari. Yeye hucheka, halafu anabana na inayofuata.

Siku ambayo wengi wetu hatutaisahau ni ile ya mwaka wa mto. Njia ya baiskeli ilipita kituo cha mafuta, ikateremka hadi daraja fupi la zege lisilo na kingo, kisha ikapanda kwenye uwanja ambako wageni walikuwa wakisubiri. Wiki nzima mvua ilikuwa ikinyesha milimani. Wiki nzima Mama Itakuwaje alikuwa akipiga simu huku na huko kuulizia mto huo, na kila aliyeulizwa alimjibu kwamba daraja halijawahi kufunikwa. Asubuhi yenyewe kulikuwa na jua. Watoto walipofika kituo cha mafuta kunywa maji, dereva wa gari la wagonjwa, aliyekuwa ametangulia ng'ambo, alipiga simu. Maji yamekuwa ya tope na yanapanda, alisema, ingawa daraja bado ni kavu na pikipiki zinapita.

Mama Itakuwaje alipuliza filimbi. Akatangaza kwamba hakuna mtoto atakayevuka.

Kelele zilizofuata mnaweza kuzikisia. Wapo watoto waliolia. Yupo mzazi aliyesema kwa sauti, ili asikiwe, kwamba uoga wa mtu mmoja umeharibu sherehe ya watu wote. Mkurugenzi alipiga simu kutoka uwanjani, mgeni rasmi akiwa pembeni yake. Na katikati ya zogo hilo ndipo fundi mmoja wa kuchomelea vyuma alipoanza kumtafuta bintiye na asimwone.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mdogo wake alikuwa ametibiwa moyo katika wodi yetu, na baiskeli aliyoipanda ilikuwa imeungwa na baba yake kutokana na mabaki ya baiskeli mbili. Alidhani kituo kile ni cha waliochoka, na yeye hakuwa amechoka, kwa hiyo alipita pembeni kabla ya filimbi. Mama Itakuwaje alimpigia dereva, akamwomba amtazamie. Kisha dereva akapiga tena: binti amevuka, yuko naye, na anataka kurudi kuwafuata wenzake.

Tuliteremka mbio hadi mtoni, Mama Itakuwaje, yule fundi baba wa binti, na mimi. Binti alikuwa ng'ambo, dereva hatua chache nyuma yake, mkono mmoja wa binti kwenye usukani, mwingine ukitupungia. Maji yalikuwa mekundu yakipita chini ya zege kwa kishindo, yakibeba matawi. Daraja lenyewe lilikuwa kavu. Fundi alivua viatu avuke.

"Usivuke, baba," Mama Itakuwaje alimwambia taratibu. "Akikuona unakuja, atakuja kukupokea katikati."

Fundi alisimama, kiatu kimoja mkononi. Alimtazama bintiye, akatazama maji, kisha akachuchumaa pale pale. Mama Itakuwaje alichuchumaa karibu naye. Walikaa hivyo hadi jua likawa utosini, wakimpungia mtoto mkono kila alipochoka kusubiri. Sijawahi kuona kazi ngumu kama ile ya kukaa tu.

Maji yalishuka, binti akavuka akamfikia baba yake. Daraja halikuguswa hata na tone. Wageni walikuwa wameshaondoka, na wafanyakazi wenzake Mama Itakuwaje walioteremka kutazama walirudi wakisema kwamba mto ulikuwa umemdanganya.

Kikao kilichofuata kilikuwa kizito. Aliulizwa mbona alisimamisha shughuli kwa ajili ya daraja kavu. Alijibu kwamba hana ushahidi wa kuwapa. Kama amekosea, amekosea na watoto wote wapo. Ila aliomba jambo moja, binti wa fundi aitwe asikilizwe. Binti akaja na baba yake, akakaa kwenye kiti ambacho miguu haikufika chini.

"Mlijua habari za mto wiki nzima?" aliuliza. "Mbona sisi mlituambia habari za kofia ngumu tu? Ningejua, nisingepita."

Mama Itakuwaje alivua miwani akaifuta kwa upindo wa khanga, akairudisha machoni. Akasema mtoto amesema kweli: hofu yote alikuwa ameifungia kwenye mkoba wake kama peremende, na wenye safari hawakuonja.

Tangu siku hiyo watoto wanakaa kwenye kamati yetu, na wanapiga kura. Walianza kwa kufupisha hotuba, jambo lililowashinda wakubwa kwa miaka mingi. Walidai vyoo njiani. Walitaka bibi na babu waruhusiwe kutembea nao hata kwa fimbo. Mvulana mmoja mdogo aliuliza itakuwaje kwa yule anayefika mwisho, akute watu wamekunja turubai na kwenda zao. Kwa hiyo siku hizi utepe haukatwi mpaka wa mwisho apite. Kabla ya kila safari wanaonyeshwa ramani, wanaambiwa palipo pabaya, na wao ndio wanaowaeleza wenzao. Chumba cha upasuaji kilichofunguliwa mwaka juzi kina jasho lao.

Mbio zijazo ni wiki tatu baada ya yeye kuondoka. Filimbi ameshanikabidhi mimi, na tangu hapo chakula hakinipiti vizuri. Juzi nilimuuliza hofu hii huisha lini. Aliendelea kupanga vitu vyake kwenye boksi.

"Siku hofu ikiisha," alisema, "mpe mwingine filimbi."

Dada yetu, mama yetu, asante kwa kila breki uliyoibana na kwa kila lawama uliyoibeba ili mtoto wa mtu arudi nyumbani. Umewarudisha wote. Sasa nenda kapumzike kwa mume na wajukuu. Tunakuombea afya, Jumamosi ndefu zisizo na kengele ya saa, kifungua kinywa unachokila umekaa, na simu iliyo kimya kwa sababu kila mtu amefika salama.