Picha za Sahani Tupu

Benchi la nje ya duka la Fundi Cherehani lilikuwa limebeba watu watatu na birika la kahawa. Siku hiyo Fundi hakuwa na hamu ya ubishi. Mkewe alikuwa kwenye matibabu ya saratani, na tangu dawa zianze, kila chakula kilimjia na ladha ya chuma. Mtaalamu wa lishe, dada mpole wa hospitali ya mbali, aliwaongoza kwa simu: apewe kidogo kidogo, kilichopoa, kwa kijiko cha plastiki, na kila mlo Fundi atume picha ya sahani mkewe akishamaliza kula. Asubuhi hiyo dada alikuwa amepiga: sahani zote tupu, mbona kwenye mizani anazidi kupungua? Fundi akasingizia mtandao, akakata.

— Simu ndiyo mchawi, — alisema Sumaku, fundi redio. — Mawimbi yanapita juu ya chakula. Hicho chuma unadhani kinatoka wapi?

— Acha hizo! — alisema Wakili, kinyozi asiyeshindwa kesi. — Anadeka. Mlishe kwa nguvu. Samaki mkunje angali mbichi.

— Shemeji ana wajukuu, ubichi uko wapi?

— Basi mizani ndiyo ina wivu. Mimi ilishanipunguza kilo tatu nikiwa nimeshiba!

Fundi alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka.

— Nakula mimi, — alisema.

— Unakula nini?

— Chakula chake. Akishindwa namalizia, ndipo napiga picha. Sikutaka aonekane ameshindwa. Naogopa, jamani. Naogopa sana.

Wakili akachukua birika. Akammiminia kahawa.

Mama mmoja aliyekuja kufupishiwa sketi, ambaye hakuna aliyemjua, alikuwa bado amesimama mlangoni.

— Samahani, kaka. Kwani huyo dada alisema anataka sahani tupu?

— Hapana, — alisema Fundi. — Alisema picha ya sahani tu.

Mchana, nyumbani, Fundi alituma picha ya sahani iliyojaa, imechotwa pembeni kidogo tu. Simu ikaita papo hapo. Akaipokea kama mtu anayesubiri kugombezwa.

— Amekula vijiko viwili! — sauti ya dada ilikuwa na furaha ya kweli. — Vilimjia na ladha gani? Vilimkaa tumboni?

Fundi hakujua. Akampa mkewe simu, ajibu mwenyewe.