Mzee Robo na Bolti Mbili za Gurudumu la Kushoto

Ndugu waombolezaji, majirani na mafundi wenzake, tunaomba mtulie, na walio nje ya turubai wasogee kidogo, tuwasomee maisha ya mpendwa wetu. Anayesoma ni mdogo wake wa kiume, yule mshonaji, aliyetwishwa kazi hii kwa sababu wengine wote katika familia wakifika ukurasa wa pili wanaangua kilio.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Robo, alizaliwa tarehe 2 Septemba 1955, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu wa baba mchoma matofali na mama muuza maziwa. Mama yetu alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea, kwa sababu kila alipofika kwenye mguu wa kiti alikaa chini kuuchunguza kama umekaa sawa. Alianza shule ya msingi Januari 1963, akamaliza Novemba 1969, hesabu akiziweza, kuimba hapana, na mwalimu mkuu alimwadhibu mara moja tu, kwa kosa la kufungua skrubu za mlango wa ofisi ili azikaze upya, kosa ambalo marehemu hakulikubali mpaka anakata roho, akidai kuwa mlango ule ulikuwa ukiburuta.

Mwaka 1970 alipelekwa kujifunza ufundi kwa mzee mmoja wa breki, mtu mkali kama pilipili, aliyemfundisha mambo mawili akayashika maisha yake yote: kwamba bolti ya kalipa ikishafunguliwa hairudishwi, inawekwa mpya, na kwamba bolti iliyokazwa inachorwa mstari wa rangi, kuanzia kichwani mwake hadi kwenye chuma inachoshikilia, ili ikilegea hata kidogo mstari ukatike na jicho lione. Kwa sisi tusio watu wa gereji, kalipa ni kile chuma kinachobana gurudumu gari lisimame, nacho kinashikiliwa na bolti mbili, zikitoka hizo dereva anakanyaga breki na gari linaendelea na safari zake. Jina la Robo alilipata hapo, kwani mteja akishashika ufunguo wa gari aondoke, yeye alikuwa akimzuia na kusema bado robo, akiwa na maana ya robo mzunguko wa spana, na hata uwe na haraka ya namna gani ulisubiri robo yako.

Mwaka 1981 alifungua gereji yake mwenyewe, hapo mlipopita mkija, na mistari yake aliichora kwa rangi nyekundu ya kucha, akinunua chupa baada ya chupa, hadi binti wa duka la vipodozi akaeneza maneno mtaani kwamba fundi yule ana kimada, kisha, maneno yalipomkaa rohoni, akaja gereji mwenyewe kumwona huyo mwanamke mwenye kucha nyingi hivyo. Walifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1984, na tarehe 7 Mei 1988 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, binti ambaye leo ni fundi wa kuchomelea vyuma, na ambaye mnamwona pale karibu na mama yake.

Sasa tunafika kwenye pikapu, na familia ilibishana sana kama isomwe au isisomwe, mpaka shemeji akasema kwamba historia ya mume wake bila pikapu ni ya mtu mwingine. Pikapu ile nyeupe ililetwa Machi 1996 na mtu mmoja mwembamba, aliyelalamika kwamba gurudumu la mbele la kushoto linagonga, akaiacha, akaondoka kwa miguu, na hakurudi tena. Marehemu alizikuta bolti za kalipa zimelegea, akaweka mpya, akazikaza kwa ile spana ndefu inayolia tiki bolti ikifika kipimo, akachora mistari. Jumamosi iliyofuata mistari yote miwili ilikuwa imekatika, na pikapu haikuwa imetoka pale, ilikuwa juu ya mawe, haina tairi.

Alisafisha meno ya bolti, akaweka gundi nyekundu inayoshika bolti, akabadilisha kalipa nzima, wapi. Jumamosi ikifika bolti zimejizungusha robo, zote mbili, upande wa kufunguka, na gurudumu la kulia halina neno. Mwaka 1999 alichoka, akampa mpiga lipu mmoja aitumie, akimsihi airudishe kila Jumamosi, naye mpiga lipu akaona ni ushamba wa mafundi, akapitisha wiki moja tu bila kuirudisha, na kwenye mteremko wa soko kalipa ikachomoka, akapona kwa kuingia kwenye lundo la mchanga. Alirudi kwa miguu, amekauka midomo, akasema kwamba kabla breki hazijakatika alisikia mtu aliyekaa kiti cha pembeni akivuta pumzi, na kiti kile kilikuwa na ndoo tu.

Tangu siku hiyo marehemu aliiweka uani kwake, juu ya mawe, hakukubali kuiuza wala kuitoa, akisema kwamba akiiachia, mtu atakufa, na damu ya huyo mtu itakuwa mikononi mwake. Basi kila Jumamosi, mvua au jua, alilala chini ya gurudumu lile, akatoa bolti mbili, akaweka mbili mpya, akachora mistari, harusi za watu zikampita, na shemeji akawatania wageni kwamba yeye ana mke mwenza anayelala juu ya mawe, ingawa tunajua kuna siku hakuwa akitania.

Tarehe 3 Juni 2021 marehemu alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa, na binti yake akaichukua spana. Alikuwa akikaza uani, baba yake amelala chumba cha ndani, milango imefungwa, na kila spana ilipolia baba, kule kitandani, alisema imelia, huku vidole vya mkono ule usiofanya kazi vikijikunja na kugeuka polepole. Binti alituambia kwamba spana ilikuwa nyepesi kuliko inavyopaswa kuwa, na kwamba alizoea, kwa kuwa ni baba yake.

Marehemu alifariki dunia Alhamisi, tarehe 11 Januari 2024, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka 68, mkewe na bintiye wakiwa kando yake.

Ijumaa asubuhi binti alienda kuikaza pikapu mapema, isije ikaleta balaa kwenye msiba, akakuta bolti zimeshabadilishwa, za zamani zimefutwa na kupangwa kwenye kifuniko cha kopo, na mstari bado mbichi ukamchafua kidole gumba. Jana ikawa hivyo hivyo. Sisi wanaume watatu tuliomwosha marehemu tulikuta kucha za mkono wake wa kulia zina grisi, tukazisugua kwa sabuni ya unga hadi zikang'aa, na leo, kabla ya kufunga jeneza, tukazikuta na grisi. Tuliogopa, na hatuoni aibu kulisema.

Kwa hiyo asubuhi hii binti yake, mbele ya familia nzima, ameifungua kalipa ile akaishusha, akachukua gesi yake ya kukatia vyuma, akakikata kitako kilichokuwa kikizishika zile bolti, machozi yakimdondoka ndani ya miwani, na pikapu ile haitatembea tena, wala haitakuwa na mahali pa kuwekea bolti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka miwili na nusu, majirani walioleta viti, maji na kuni, mafundi wenzake waliofunga gereji zao leo, na wote ambao hatuwezi kuwataja. Na kama yupo kati yenu aliyeingia uani kwetu juzi na jana, akakaza bolti kwa nia njema bila kutuambia, tunamshukuru, na tunamwomba anyooshe mkono sasa hivi, hatutamuuliza kitu. Tunasubiri kidogo.

Haya, tushushe macho.

Kaka, umetulinda, umewalinda hata watu usiowajua, na aliyebaki na spana ni mwanao, mkono wake ni mzuri kuliko wako, ulisema mwenyewe. Shemeji hajafumba macho tangu Alhamisi, anasikiliza uani. Hakuna tena cha kukaza, kaka. Pumzika kwa amani, tunakuomba, pumzika kweli.