Phineas Nzai wa Changamwe, Aliyejigharamia Mwili Wake

Phineas Nzai alizaliwa Rabai tarehe 9 Machi 1932, kitinda mimba wa Bi. Sidi na marehemu Mzee Nzai. Alipokewa kama binti, akabatizwa kwa jina ambalo aliomba lisisomwe leo. Halitasomwa.

Alisoma shule ya misheni hapo Rabai hadi darasa la nne. Wasichana walifundishwa ushonaji, naye akajishonea kaptula ya gunia la unga. Watu wakamcheka. Mzee Nzai aliigeuza ile kaptula, akakagua mishono, akasema, "Umeshona vizuri."

Mwaka 1957 alihamia Changamwe, akapanga chumba Chaani na kuajiriwa karakana ya serikali kushona maturubai. Alijiita Phineas, lakini cheti cha ubatizo ndicho kilichomwandikisha kazi. Msimamizi alimwita kwa jina la zamani, na wenzake wakahama benchi alilokalia. Mchana alikula peke yake, uso ukutani.

Wafanyakazi wa serikali walitibiwa bure. Alipokwenda zahanati kuomba sindano za kumpa mwili wa kiume, dresa alimjibu, "Homa nitakutibu, mguu nitakufunga. Hili serikali hailijui."

"Mimi nalijua," alisema Phineas, akatoka.

Tangu 1959 alichomwa sindano hizo na daktari wa mjini, kwa mshahara wake mwenyewe. Aliuza baiskeli, akawa anakwenda kazini kwa miguu.

Siku moja alipiga hodi Magogoni kwa dada yake, Dhahabu. "Karibu, baba!" Dhahabu aliitikia kutoka jikoni, kisha akakumbuka kwamba baba yao alikuwa ameshafariki. Sauti ilikuwa ile ile. Walicheka hadi wakalia.

Hakuoa. Alipendana na Mwikali, muuza maharagwe wa Magongo. "Mimi sina neno nawe," Mwikali alimwambia. "Neno liko kwetu." Mwaka 1961 kwao walimwita arudi Machakos, akaenda. Phineas aliendelea kwa muda mrefu kupika chakula cha watu wawili.

Mwishoni mwa Novemba 1963 alishikwa na kichomi. Fedha ya daktari wa mjini haikuwepo tena. Hospitali ya bure ilikubali kumlaza, ila katika wodi ya wanawake, kwa jina lililokuwa kwenye kadi yake ya kazi.

"Kubali tu, Phineas," Dhahabu alimsihi. "Uzima kwanza."

"Nimevumilia upweke wote huu ili niwe mimi, dada. Nisife nikiwa mtu mwingine."

Alifia kwa dada yake Magogoni, mchana wa tarehe 2 Desemba, mji ukijipamba kwa uhuru. Bi. Sidi alifika akiwa amechelewa. Alikaa kando yake, akasema, "Mvisheni suruali. Ndivyo alivyotaka."

Ameacha mama yake, Bi. Sidi, dada yake, Dhahabu, shemeji yake, Erastus, na wapwa wawili. Yupo pia Mwikali, aliyesafiri kutoka Machakos na amesimama kule nyuma. Tafadhali apishwe, asogee karibu na kaburi.

Phineas, lala kwa amani.