Matundu Mawili ya Mwisho

FOSUA: Haloo? Subiri kidogo, nizime drili... (mlio unafifia) Haya. Nani mwenzangu?

BEDIAKO: Fosua! Hujambo, binti yangu?

FOSUA: Sijambo. Nani?

BEDIAKO: Ah, hata sauti yangu umeisahau? Bediako. Fundi wako, aliyekufundisha kazi.

FOSUA: Namba hii si yako.

BEDIAKO: Ya mke wangu. Yangu ukiiona... hupokei.

FOSUA: Kumbe unajua.

BEDIAKO: Hali ya huko kwenu Suame?

FOSUA: Vumbi tupu. Upepo mkavu wa harmatani umetupasua midomo. Nyumbani wazima?

BEDIAKO: Wazima, wazima. Sikia, salio lenyewe ni la kubahatisha –

FOSUA: Basi sema.

BEDIAKO: Lile basi dogo, lile nililoling'oa injini nikaweka mota ya umeme. Kesho saa tisa alasiri nalipandisha kilimani, madereva wote wa stendi wakitazama. Likifika juu, mabasi yao thelathini yanakuja kwangu kuwekewa mota. Lisipofika –

FOSUA: Hayaji.

BEDIAKO: Fosua, giaboksi inanitoa roho! Inapiga yowe kama mbuzi anayechinjwa.

FOSUA: Kwenye gia ipi?

BEDIAKO: Zote.

FOSUA: Na nyutro?

BEDIAKO: Hata hapo.

FOSUA: Basi si gia.

BEDIAKO: Si gia vipi? Nimeshabadilisha giaboksi tatu! Ya kwanza ilikuwa ya gia nne. Nikasema mota imeizidi nguvu, nikatafuta ya gia tano, mdomo uleule wa kuungia, ila nzito. Ikafa. Hii ya tatu nimeifanya kama ulivyokuwa ukisema wewe, namba moja, nne na tano nimeziziba, dereva abaki na mbili na tatu basi, maana mota –

FOSUA: Mota haihitaji nyingi.

BEDIAKO: Ee. Siku nne tu, beringi ya mbele imesagika. Oili inamwagika mpaka – haloo? Unanisikia?

FOSUA: Nakusikia. Shafti ya mota na shafti ya giaboksi haziko kwenye mstari mmoja. Zinavutana. Ukiweka giaboksi ya kumi nayo itakufa. Lile bamba linaloziunganisha ulilipimaje?

BEDIAKO: Kwa... kiolezo.

FOSUA: Kiolezo kipi?

BEDIAKO: (mtandao unakwaruza)

FOSUA: Haloo?

BEDIAKO: Cha kadibodi.

FOSUA: Changu. Nilichokigonga kwa nyundo juu ya mdomo wa giaboksi nipate alama za matundu, mwezi wa sita, mvua ikinyesha.

BEDIAKO: Kilikuwa kinaning'inia tu pale karakana, nikadhani –

FOSUA: Siku nakusanya spana zangu niondoke kwako, ulikitoa msumarini ukakificha chini ya kiti. Nilikuona.

BEDIAKO: Ukanyamaza?

FOSUA: Bamba ulilikata lini?

BEDIAKO: Desemba. Katikati. Lile la kwanza lilipasuka.

FOSUA: Kadibodi iliyokatwa kwenye mvua hunywea harmatani ikifika. Tena hunywea upande mmoja kuliko mwingine. Matundu yamesogea, na kitovu kimesogea. Ndiyo maana mimi hunakili kwenye bati siku ileile. Bati langu ninalo hapa.

BEDIAKO: Kwa hiyo ulijua! Ulikaa ukiningojea!

FOSUA: Nilikaa. Jumanne ulipita hapa barabarani, basi likilia. Nikaweka kijiko chini, nikasikiliza mpaka likapotea. Kisha chakula kikanoga.

BEDIAKO: Una roho mbaya, Fosua.

FOSUA: Siku Mama Serwaa yuko chini ya basi hilohilo, roho nzuri alikuwa nayo nani?

BEDIAKO: Hayo yamepita –

FOSUA: Mguu wake haujapita. Dereva alikuambia breki ya mkono imekufa. Ukamjibu nini?

BEDIAKO: Nimewaambia hivyo miaka thelathini! Acha gari kwenye gia, injini italishika! Nani hafanyi hivyo mji huu?

FOSUA: Injini hushika. Mota ukiizimia umeme haishiki kitu, inazunguka kama feni. Nilikuambia asubuhi ileile. Mara mbili. Na basi lilipoteremka likambana na meza yake ya kuuzia madonge ya kenkey, ulimnyooshea nani kidole?

BEDIAKO: Watu walikuwa wanapiga kelele, nikachanganyikiwa –

FOSUA: "Yule msichana amefunga giaboksi vibaya." Hukuchanganyikiwa. Ulisema taratibu. Mama Serwaa alinilisha bure miaka minne niliyojifunza kazi kwako. Tangu Agosti namwamkia kila asubuhi. Anageuza uso.

BEDIAKO: Nisamehe, binti yangu.

FOSUA: Niite Fosua.

BEDIAKO: Fosua. Nitengenezee bamba. Najua ni kazi ya siku mbili, hata ukianza sasa hivi haiwezi... lakini wewe una mkono –

FOSUA: Sikiliza hii. (drili inalia, inazimwa)

BEDIAKO: Unatoboa nini?

FOSUA: Bamba la mdomo wa giaboksi yako. Nilianza Jumatano.

BEDIAKO: Ee Mungu wangu! Nilijua! Nilimwambia mke wangu, yule mtoto –

FOSUA: Matundu manane. Sita tayari.

BEDIAKO: Nakuja sasa hivi! Napanda pikipiki!

FOSUA: Usije. Kesho asubuhi lifunge basi kamba, livutwe kuja kwangu, lipite stendi nzima, madereva wakiwepo. Simama mezani kwa Mama Serwaa. Sema ni wewe uliyeamuru liachwe kwenye gia. Kwa sauti.

BEDIAKO: Mbele ya madereva? Haohao? Nani atanipa basi lake baada ya hapo?

FOSUA: Sijui.

BEDIAKO: Nitamwendea nyumbani. Nitabeba chupa ya pombe, niende na wazee wawili, tumwombe radhi kwa heshima, jioni –

FOSUA: Uliniaibisha stendi, uniombee radhi sebuleni?

BEDIAKO: Utakuwa umeniua, Fosua.

FOSUA: Bila bamba unapiga yowe kilimani. Ukiwa nalo unapanda kimya. Chagua.

BEDIAKO: Salio linaisha, limeshalia mara – tafadhali, matundu mawili tu! Toboa leo, nitasema keshokutwa, naapa –

FOSUA: Drili nimeshaifunika.

BEDIAKO: Fosua!

FOSUA: Mama Serwaa hupanga meza yake saa moja na nusu. Saa mbili nitapita nimwamkie. Akiniitikia, nitajua umesema. Hapo nitatoboa.

BEDIAKO: Na asipoitika?

FOSUA: Bamba litabaki na matundu sita.

BEDIAKO: Basi sikia, kesho mimi nita –

(Tii. Tii. Tii.)

FOSUA: Utafanya nini? Haloo?... Haya. Saa moja na nusu.