Dada Verdell Aliyetaka Ugonjwa Wake Utajwe kwa Jina

Mchungaji, mashemasi, ndugu na majirani wa Pleasant Hill, asanteni kwa kuja na baridi hii. Mimi ni Arnetta, mdogo wake marehemu, na nimekabidhiwa kipaza sauti kwa masharti. Sharti la Mchungaji ni kwamba nisizidishe muda. Sharti la marehemu ni kwamba nisidanganye. Hilo la Mchungaji nitajaribu.

Dada Verdell Hightower Pruitt alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa Macon, Georgia, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Ruben Hightower na marehemu Mama Idella. Baada yake alikuja kaka yetu Clovis, ambaye leo ni shemasi wa kanisa hili, kisha mimi. Mama alikuwa akisema Verdell alizaliwa ameshika kiuno. Alibatizwa hapa hapa akiwa na miaka tisa, na alipoinuliwa kutoka majini alimwambia mchungaji wa wakati ule kwamba maji ni ya baridi na alipaswa kumwambia mapema.

Alisoma shule za hapa mjini na kumaliza sekondari mwaka 1971. Akaenda chuo cha ususi, akapata leseni mwaka 1973, na baadaye akafungua saluni yake mwenyewe, yenye viti vitatu na redio ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Nusu ya vichwa vilivyomo humu ndani vimepita mikononi mwake. Mnajijua.

Mwaka 1978 aliolewa na Leotis Mabry, na mwaka 1984 wakampata binti yao, Janelle. Leotis alifariki mwaka 1991. Wasifu wake ulisomwa kutoka mimbari hii hii, na ulisema ni nimonia, basi. Verdell alikaa benchi la mbele akijua nimonia ile imetokana na nini, maana wiki ile ile daktari alikuwa amemwambia kuwa na yeye ameambukizwa. Miaka ile, kuambiwa hivyo ilikuwa kama kusomewa hukumu. Mama, Mungu amrehemu, alinunua kabisa gauni la zambarau la kumzikia. Verdell alilivaa kwenye harusi ya binamu yetu, akacheza nalo mpaka likachanika kwapani.

Lakini siku tuliyomzika Leotis hakuna aliyecheza. Tulikuwa tunaosha vyombo, akaniambia, "Netta, siku yangu ikifika, msinizike na uongo. Mume wangu amelazwa pale na kifo kisicho chake." Hakuwahi kubadilisha agizo hilo.

Wanawake wenye virusi walianza kuja kwake kwa sababu ya nywele tu. Kulikuwa na nyumba ambamo mtu alikaa wiki nzima bila kuguswa kichwa na ndugu zake mwenyewe. Verdell aliwaosha, akawasuka, akawapa sukuma wiki na mkate wa mahindi, na siku ya Alhamisi akawa anaifunga saluni kwa wengine wote ili wao wakae kwa raha. Ndivyo walivyopatikana Kina Dada wa Alhamisi.

Mwanamke aliyeogopa kwenda kliniki hakuachwa aende peke yake. Tulikwenda watano, sita, wote tumevaa kofia za Pasaka, zile za manyoya na utepe, na nesi akiita jina, tunasimama wote na kuingia pamoja. Waliokaa mapokezi walibaki wamekodoa macho, wasijue mgonjwa ni nani. Siku moja nesi mgeni akauliza, "Samahani, mgonjwa ni yupi kati yenu?" Verdell akamjibu, "Sisi sote, mpenzi. Anza na unayemtaka." Baadhi yetu hatukuwa na virusi. Tulikuwa na kofia tu. Alikwenda pia Atlanta, zaidi ya mara moja, kuwaambia wabunge wa jimbo kuwa dawa zinapaswa kufika na huku kwetu, na wapo waliokuwa wakijificha wakimwona kwenye korido.

Mwaka 2003 aliolewa na Bwana Horace Pruitt, fundi bomba. Siku ya kwanza walipotoka kwenda kula kambare, alimwambia kabla hata ya kukaa vizuri, "Nina virusi vya UKIMWI." Horace akasema, "Na mimi nina sukari, presha, na mke wa zamani anayepiga simu kila Jumapili. Kula, samaki wanapoa." Horace, shemeji yangu, Mungu akubariki.

Sasa nimefika kwenye aya iliyotugombanisha. Jumatatu, jikoni kwa Janelle, Kaka Clovis alisema, "Andikeni 'baada ya kuugua kwa muda.' Inatosha. Sitaki watu wamcheke dada yangu akiwa ndani ya sanduku."

Janelle akamjibu, "Walishamcheka akiwa nje ya sanduku, Mjomba, na yeye alikuwa anawaosha nywele."

Clovis alitoka akasimama barazani. Nilidhani amekwenda zake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Isome wewe, Netta, mimi nitalia. Lakini isome kwa sauti. Watu wa nyuma huwa hawasikii."

Haya, watu wa nyuma. Dada Verdell aliishi na virusi vya UKIMWI tangu mwaka 1991. Alimeza dawa zake kila siku, na kwa miaka mingi virusi havikuonekana kabisa kwenye kipimo cha damu. Nimesema, na paa liko pale pale. Asante Yesu!

Alifariki asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, nyumbani kwake, Horace akimkaangia mayai. Ni moyo, ule ule uliomchukua Mama. Tulijiandaa kumlilia akiwa na miaka thelathini na minane, tukaja kumlilia akiwa bibi wa miaka sabini na mmoja aliyegombezwa na daktari kwa kupenda chumvi. Nina uchungu, sitaficha. Lakini nimeshusha pumzi niliyoibana tangu 1991.

Ameacha mume wake, Horace, binti yake, Janelle, wajukuu Desmond na Imani, kaka yake, Clovis, na mimi. Ameacha pia dada zake wa Alhamisi wanaomeza dawa kama zake. Wiki hii tulimuuliza kila mmoja kama jina lake lichapwe hapa, kwenye karatasi ya ibada mliyoishika, tukamweleza wazi watu wataelewa nini. Waliokubali ni Loretha Stubbs, Dorothea Wynn na Queen Esther Pope. Wawili walisema bado. Wamo humu ndani pamoja nasi, na chini ya jina la Queen Esther tumewaachia mistari miwili mitupu. Apumzike kwa amani dada yetu, ambaye hakumharakisha mtu.