Kioo Kilichozikwa Mahameni

Mmesema nisimame nitoe ushuhuda, nimesimama. Wimbo mtaimba nikimaliza, maana nikianza na wimbo nitalia, na leo sikuja kulia. Nimekuja na hasira. Na hofu pia, haijahama. Majina sitataja. Mwenye lake atajitambua, na jirani yake asimgeukie kumtazama.

Mtoto yule anayegombania muwa na wenzake pale nje mnamjua wote. Mlimjua na alipokuwa na uso wa kutisha.

Ilianza na jino. Tulikuwa tumemaliza msimu mmoja tu hapa kijiji cha ujamaa. Nyumba zetu za kule Buswahili zimebomolewa, lori limetumwaga hapa na vyungu vyetu, tumeambiwa tujenge kwa mstari. Mwanangu akaniambia, "Mama, jino linacheza." Nikacheka. Kesho yake likacheza la pili, halafu shavu likavimba.

Ndugu zangu, nawaambia, uvimbe ule haukuwa wa kungoja. Nikimwogesha asubuhi una ukubwa huu, nikimwogesha jioni umeongezeka. Meno yakaanza kutoka yenyewe, kama punje kwenye gunzi kavu. Jicho la upande ule likawa linasukumwa nje.

Na nyie mkaja. Mmoja akasema ni meno mabaya, fizi ichanjwe. Ikachanjwa, mtoto akalia mpaka sauti ikakata. Mwingine akasema ni wazee tuliowaacha makaburini kule, wamekasirika. Mwingine akaninong'oneza, "Usimpeleke Musoma. Kule kuna mumiani. Wanachukua damu za watoto, wanaziuza." Wewe uliyesema mumiani upo hapa, nimekuona ulivyoingia. Kaa tu, sikufukuzi.

Mimi nimefika form four. Nilijua mumiani ni upuuzi. Lakini hofu haiulizi cheti. Nilipompandisha mwanangu basi la Musoma, kila gari jekundu tulilopishana nalo, maana ndilo wanalosema la mumiani, lilinikata maini.

Tulikwenda watatu: mimi, mtoto, na mama mkwe wangu. Mama amenipa ruhusa kuyasema haya, ndiyo maana nayasema mbele yake. Baba wa mtoto alibaki kulinda pamba isiliwe na ng'ombe.

Daktari alimpapasa mtoto shavu, akampapasa na tumbo. Akachukua sindano, akachoma kwenye uvimbe, akavuta kitu kidogo, tone tu. Mtu wa maabara akalipaka lile tone kwenye vipande viwili vya kioo, vyembamba kama kucha, akaviweka kwenye sinia dirishani vikauke.

"Mbona humpi dawa?" nikamuuliza daktari.

"Taya huvimba kwa mambo mengi, mama. Kuna usaha wa jino, na kuna saratani. Dawa ya saratani ni sumu. Simpigi mtoto sumu kwa kukisia. Kioo kitaniambia."

Mama mkwe yeye alimfuata mtu wa maabara. "Baba, hivyo vioo vikishasomwa vinakwenda wapi?"

"Kimoja tunabaki nacho, bibi. Kimoja tunatuma mbali, wataalamu wakihakikishe."

"Mbali wapi?"

"Mbali sana, ng'ambo," akasema, akaenda kunywa chai.

Hapo ndipo tulipopotelea. Nyie wenzangu mnajua desturi zetu. Kitovu cha mtoto kinazikwa nyumbani. Jino lake linazikwa nyumbani. Kipande cha mtu hakitupwi njiani, seuze kupelekwa ng'ambo kwenye nchi isiyo na kaburi hata moja la ukoo. Na nyumbani kwa mama hakukuwa hapa kwenye mistari yenu ya nyumba. Nyumbani kwake kulikuwa mahameni, kule tulikohamishwa.

Mchana ule akaniaga, anakwenda kutazama mbuzi. Kesho yake asubuhi mtu wa maabara anatafuta vioo. Anatazama chini ya meza, anatazama kwenye ndoo. Hakuna. Daktari akasema, basi tumchome tena. Lakini mtoto alikuwa ameanza kutoka damu fizi nzima, haikatiki, na baba yake alikuwa amefika kwa basi la asubuhi. Akasimama mlangoni. "Hachomwi tena. Mmemchoma mkapoteza wenyewe. Leo mpoteze nini, jicho?"

Daktari akaniita pembeni. "Mama, ugonjwa huu, kama ndio ule ninaoufikiria, haungoji mtu abembelezwe. Siku chache tu."

Nikarudi kitandani. Mwanangu akaniambia kwa mdomo uliopinda, "Mama, ulimi hauna nafasi." Nawaambia, sijawahi kuogopa hivyo. Nilimshika mguu, maana usoni hapakuwa na pa kushika.

Mama mkwe akarudi jioni, ametulia, mikono ina udongo mwekundu. Nikamwuliza mbuzi hawajambo. Akasema, "Tulia, mkamwana. Nimemrudisha nyumbani. Hawatampeleka ng'ambo."

Akina mama, nilimkosea adabu siku ile. Wodi nzima ilisikia. Yeye akanijibu neno moja, "Wewe msomi, unajua kioo. Mimi namjua mjukuu wangu." Nikamwuliza umezika wapi, akatazama ukuta.

Lakini nilipajua. Pale chini ya jiwe lake la kusagia ndipo vilipozikwa vitovu vya watoto wake wote, na cha mwanangu pia.

Alfajiri nikapanda gari la mchanga, nikashuka, nikatembea. Mmesahau mahame yalivyo? Tulipoondoka nilikuwaga nafikiri nyumba ikibomolewa inakwisha. Haiishi. Inabaki imekutazama. Minyaa ya uzio imesimama, boga limepanda juu ya kaburi la babu, na ukimya ule wa mahali palipozoea watu. Jua lilikuwa utosini nilipoanza kuchimbua kando ya jiwe la kusagia.

Na hapo mgambo akanikuta. Mnakumbuka kurudi mahameni kulikuwa kosa.

"Wewe mama! Umekuja kujenga tena?"

"Kwa mikono hii? Hata jembe sina."

"Sasa unachimba nini, dhahabu ya Mjerumani?"

"Nachimba shavu la mwanangu," nikamwambia. "Ukitaka kunifunga nifunge, lakini nikishamaliza."

Akanitazama vile mtu anavyomtazama kichaa. Nadhani nilifanana naye. Akaegemea fimbo yake, akasema, "Chimba haraka, basi. Mkubwa wangu anapita."

Nikaliviringisha lile jiwe. Chini yake kulikuwa na kopo la ugoro la mama. Nilipolishika, nikasema vimevunjika, vimelowa, mwanangu amekufa hapa mkononi mwangu. Nikafungua. Ndugu zangu! Mama alikuwa amevifunga kwa pamba. Pamba safi, iliyochambuliwa mbegu moja moja, kioo na kioo, juu na chini, halafu kitambaa, halafu kopo, na kifuniko kimezibwa kwa nta. Alivizika kama unavyomlaza kichanga. Kando yake yalikuwa meno ya mwanangu. Meno nikayaacha, nikarudisha udongo. Vioo nikavitia kifuani.

Mtu wa maabara alivipokea, akaviinua kwenye mwanga. Kimoja kilikuwa na ufa. Cha pili kizima, kikavu. Akakimwagia spiriti, akakitia rangi, akakiosha, akainamia darubini yake. Akakaa. Akamwita daktari. Daktari naye akainama, akakaa. Mimi nimesimama, sijui mikono niiweke wapi.

"Na mimi nataka kuona," nikasema.

"Utaona nini, dada?" mtu wa maabara akauliza.

"Nitaona kinachoniulia mtoto. Shuleni nilichora seli za kitunguu."

Akasogea. Ndugu zangu, kitunguu nilichokichora kilikuwa kimepangwa kama matofali. Hapa palikuwa na fujo. Madonge ya buluu nzito, yote sura moja, yamejaa vitundu vyeupe kama povu la sabuni, yanasukumana kama watu wanaogombea lori, hakuna anayempisha mwenzake. Nikaogopa, halafu hapo hapo nikakasirika. Muda wote huu niliambiwa ni mizimu, ni kijicho, ni mumiani, ni jino. Kumbe ni hawa. Wana umbo. Mtu mwenye umbo unaweza kumpiga.

"Ndiyo yenyewe, ile saratani," daktari akasema. "Kesho asubuhi tunaanza."

"Atapona?"

"Sijui, mama. Lakini sasa sikisii."

Sindano ile ilimtapisha mpaka nyongo. Nywele zikabaki kwenye mto. Lakini uvimbe ukaanza kuporomoka, mnasikia? Ukayeyuka kama sukari kwenye chai. Jicho likarudi nyumbani kwake. Ulimi ukapata nafasi, akaomba samaki.

Msipige makofi bado. Ile dawa haichagui. Inaua wale adui, inaua na askari wa mwili, chembe nyeupe za damu zinazopigana na magonjwa. Kwa hiyo kabla ya kila sindano mtu wa maabara alichukua tone la damu, akaliweka kwenye kioo kilichochorwa vyumba vidogo vidogo, akawahesabu askari chumba kwa chumba. Alikuwa na kimashine chini ya dole gumba: ta, ta, ta. Nilikuwaga nakaa nje ya mlango nasikiliza. Kikilia haraka, askari wapo. Siku moja kikalia ta... kikanyamaza. Ta... kikanyamaza. Mtoto ana homa, dawa haiwezi kutolewa, hakuna la kufanya ila kungoja mwili uzae wengine. Aliyekaa na mimi nje ya ule mlango alikuwa mama mkwe. Akanishika mkono. Akauliza, "Anahesabu nini?" Nikamwambia. Akasikiliza, halafu akasema, kwa sauti ya kukaripia, kama anaita kuku, "Njooni, basi! Njooni!"

Walikuja. Walichelewa, lakini walikuja.

Namshukuru daktari aliyekataa kukisia. Namshukuru mtu wa maabara, na yule mgambo aliyegeuza uso. Namshukuru baba watoto, ambaye safari ya pili alimshika mtoto mwenyewe achomwe. Na wewe mama, hasira yangu kwako ilikuwa ya kweli na siirudishi. Lakini ni pamba yako iliyomwokoa.

Somo langu ni fupi. Mtoto akivimba taya, jino likacheza kabla ya wakati wake, msilete kisu, msilete maneno. Mpelekeni akaangaliwe. Na nyie wa hospitali, kama mmoja wenu yupo, msiseme "mbali" mkaenda kunywa chai. Kaeni mtueleze.

Wanasema ugonjwa ule unaweza kurudi. Kila asubuhi, kabla sijawasha moto, naingiza kidole kinywani mwa mwanangu, naligusa jino moja moja. Leo nimeyagusa. Hakuna lililocheza.

Sasa imbeni.