Trekta la Ekari Nne

Kifuniko cha birika kilipoanza kucheza jikoni kabla hakujapambazuka, nilijua nitawahi basi la kwanza. Ndani yake nilikaa nyuma ya wanaume wawili wasiojuana. Mmoja alikuwa mkulima aendaye kununua trekta, na mwenzake fundi wa matrekta, kucha zake nyeusi kwa grisi.

"Nachukua la nguvu za farasi tisini," alisema mkulima. "Jirani amezoea kuwacheka ng'ombe wangu wa kulimia."

"Shamba lako ekari ngapi, kaka?"

"Nne."

Fundi hakucheka, nami nikampenda kwa hilo. Alilichora shamba kwa kidole kwenye vumbi la dirisha. "Ukifika mwisho wa tuta, utageuzia wapi?"

"Pale pana michungwa ya marehemu mama."

"Basi utaing'oa. La farasi ishirini na tano lingegeuka bila kugusa jani."

"Jirani atacheka tena."

"Mwache acheke. Kwani yeye ndiye atakayelima?"

Mkulima aliutazama ule mchoro, nami nikauchungulia juu ya bega lake, kana kwamba nina shamba. Basi liliposimama mbele ya duka la matrekta alishuka, kisha akarudi dirishani.

"Sijakubali, fundi. Lakini njoo kesho upime shamba mwenyewe kabla sijanunua. Na machungwa yakiiva, uje tena."